Ndege ikiharibikiwa na vifaa vya kuonyesha njia ikiwa juu, marubani hufanya nini hasa?

Mwana_Pipeline:
Wadau mko aje. Nina swali na naomba wale wanaojua mambo ya ndege wanijibu bila kunicheka. Majuzi nilipanda ndege ya usiku kutoka JKIA kwenda Ulaya, kampuni gani hiyo tuiache, tukapaa poa kabisa, chakula hata hakijaanza kupita, mara kapteni akaongea kwa spika akasema kuna kifaa cha kuonyesha njia hakifanyi kazi vile inafaa kwa hivyo tunarudi Nairobi, hakuna hatari, mtulie mfunge mikanda. Sasa badala ya kurudi moja kwa moja tukazunguka huko juu muda mrefu sana, watu washaanza kuomba kwa sauti, mwishowe tukatua vizuri tu kama siku zote.

Ninachotaka kujua, kama hakuna hatari mbona turudi? Na kama kuna hatari mbona tuzungushwe badala ya kutua haraka? Halafu jamaa niliyekaa naye aliniambia eti ndege ikikosa GPS haijui iko wapi kabisa, marubani wanabaki kukisia. Ni kweli ama alikuwa ananitisha tu? Na vikiharibika vyote usiku juu ya Sahara, inakuwaje?

Fundi_wa_Embakasi:
Karibu ndugu, swali lako si la kuchekwa. Mimi ni fundi upande wa umeme na kompyuta za ndege, kwa hivyo nitakujibu upande wangu, ya kurusha niwaachie wenye kurusha.

Huyo jamaa yako alikutisha. Ndege kubwa za abiria zilikuwa zinavuka bahari miaka mingi kabla GPS haijafika kwa raia. Ndani kuna mfumo unaitwa inasha, ni jairoskopu za leza pamoja na vipimo vya mwendo, ukiiambia mahali ilipo kabla ya kuondoka inahesabu yenyewe kila kona na kila mwendo tangu hapo, haihitaji setilaiti wala redio wala mtu yeyote wa nje. Ndege za Airbus huwa na tatu, Boeing 737 huwa na mbili. Shida yake ni kwamba inapotea polepole, saa nyingi zikipita inaweza kuwa nje kwa maili kadhaa, ndio maana GPS na vituo vya redio vya chini huisahihisha. GPS ikipotea, redio zipo. Redio zikikosekana kama huko jangwani, inasha ipo. Na juu ya hayo yote kuna kidude kidogo cha akiba chenye betri yake kinachoonyesha kama mbawa ziko sawa, spidi na kimo, na kuna dira ya kawaida ya sumaku juu ya dashibodi ambayo haihitaji stima hata kidogo.

Sasa mbona mrudi. Kuna sheria ya nafasi za angani. Kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege hupishana kwa futi 1,000 tu, zamani ilikuwa 2,000, na ili uruhusiwe kukaa hapo lazima uwe na vipimo viwili vya kimo vinavyojitegemea na vinavyokubaliana. Kimoja kikileta maneno, unaambia kontrola (yule anayeongoza ndege kutoka chini) na unashuka chini ya 29,000, na huko chini injini zinakunywa mafuta vibaya sana, Ulaya hamfiki. Sijui kama hiyo ndiyo ilikuwa yenu lakini iko hivyo kwa vifaa vingi, kimoja kikienda bado uko salama ila huna tena akiba ya kutosha ya kuvuka jangwa usiku, kuna sehemu ndefu huko rada haikuoni. Hapa Nairobi kuna mafundi, kuna spea, kuna hoteli ya kuwalaza. Kapteni aliyerudi nampa heshima zangu.

Na kuzunguka, hiyo ni uzito. Boeing 787-8 kwa mfano inaweza kupaa ikiwa na tani karibu 228 lakini inatakiwa kutua ikiwa na tani 172, na mlikuwa mmebeba mafuta ya usiku mzima. Kwa hivyo ni kuyamwaga huko juu ama kuyachoma. Kama ingekuwa moto ama moshi wangetua na uzito huohuo halafu sisi tukague magurudumu na kila kitu baadaye. Ukiona rubani anapoteza muda kuzunguka basi ujue muda anao.

Kamwana_ka_Umo:
Hiyo ya kutua na uzito na JKIA iko futi 5,330 juu ya bahari, hewa nyepesi, ndege inashika lami ikiwa mbio kuliko Mombasa. Heri mlizunguka.

Shosh_Digital:
Wueh. Mimi ningekuwa hapo ndani wangeniskia mpaka Athi River.

Kapteni_Mstaafu:
Fundi amesema vizuri. Mimi nimerusha ndege ndogo za uwanja wa Wilson kisha kubwa, saa hii nimepumzika, wacha niongeze kile kinachotokea kule mbele kwa sababu hapo ndipo watu huwa na picha isiyo sahihi.

Taa ikiwaka na kengele ikilia, kitu cha kwanza si kutafuta ni nini kimeharibika. Kitu cha kwanza ni mtu mmoja kushika ndege na kuirusha, macho yake kwa mbawa na pua, basi. Mwingine ndiye anafungua kitabu cha dharura na kusoma hatua moja moja kwa sauti. Inaonekana rahisi lakini watu wamekufa kwa kuisahau. Tarehe 1 Januari 2007 kule Indonesia kulikuwa na 737 ya Adam Air inatoka Surabaya kwenda Manado, inasha zao zikaanza kutofautiana. Marubani wote wawili wakaingia kwa hilo tatizo, wakabadilisha swichi ya inasha moja, hiyo swichi ikatoa otopailoti, ndege ikaanza kulala polepole upande wa kulia na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Walipogundua ilishainama sana, wakaivuta isivyofaa, ikavunjika. Watu 102. Angalia vizuri hapo: inasha kutofautiana haingewaua, ndege ilikuwa inaruka sawa na injini ni nzima.

Ile inayosumbua zaidi kwa maoni yangu si hata kupotea njia, ni kupotea spidi. Spidi inapimwa na vibomba vidogo vinavyotokeza karibu na pua, vinaitwa pitoti, vinameza upepo wa mbele. Barafu ikiziba, spidi kwa skrini inakuwa takataka, na kompyuta zinazotegemea hiyo spidi zinajitoa zenyewe, unakabidhiwa ndege mkononi ghafla. Sasa fikiria dereva wa matatu ambaye mshale wa spidi ulikufa kitambo, bado anajua anaenda ngapi kwa kuskia injini na gia aliyoingiza. Sisi ni hivyo hivyo, pua ikiwa juu kiasi fulani na injini zikiwa nguvu fulani, spidi itakuwa ile ile, mshale upende usipende. Kwa 737 ya kisasa unatoa otopailoti, unatoa ile ya kuendesha injini yenyewe, unazima mishale ya kuelekeza, halafu flapu (vile vibao vya nyuma ya mbawa) zikiwa ndani unaweka pua digrii 4 na injini asilimia 75, flapu zikiwa nje ni digrii 10 na asilimia 80. Hizo namba hausomi, unazijua kwa kichwa hata ukiamshwa usiku wa manane. Ukishatulia hapo ndio unafungua kitabu ukatafuta kipimo gani ni kizima.

Air France 447, tarehe 1 Juni 2009, A330 kutoka Rio kwenda Paris. Pitoti ziliziba kwa barafu kwa muda usiofika dakika moja halafu zikarudi sawa. Chini ya dakika moja! Lakini aliyeshika usukani alivuta pua juu na akaendelea kuvuta, ndege ikapoteza mshiko wa hewa, ikashuka kutoka karibu futi 38,000 mpaka Atlantiki huku kengele ikiwaambia mara kwa mara kwamba wamepoteza huo mshiko. Kutoka otopailoti kujitoa mpaka maji ni dakika 4 na sekunde kama 20. Watu 228. Kama wangekaa tu bila kugusa kitu pengine wangefika wakanywa kahawa.

Msomi_wa_Ngara:
Mzee heshima kwako, lakini hapo naona unawabebesha marubani mzigo wote. Hiyo ya digrii 4 na asilimia 75 ni sawa ukishajua kwamba kipimo kimekufa. Kifaa kikizima kabisa, skrini nyeusi, hiyo ni afadhali, kila mtu anaona. Balaa ni kile kinachoendelea kuonyesha namba nzuri za uongo.

Birgenair 301, Februari 1996, 757 pale Puerto Plata. Ndege ilikuwa imeegeshwa siku nyingi bila kufunikwa pitoti, inaaminika nyigu walijenga ndani. Sasa ukiziba kibomba hivyo na hewa ikabaki imefungiwa ndani, vile unapanda hewa ya nje inapungua, kipimo kinasoma spidi inaongezeka tu. Cha kapteni kikasema wanaenda mbio kupita kiasi, na otopailoti ilikuwa inasikiza upande wa kapteni, ikainua pua ili kupunguza spidi ambayo haikuwepo. Cha rubani msaidizi kilikuwa kinasema ukweli muda wote lakini wakati huo wameshachanganyikiwa hawajui waamini kipi. Watu 189.

Mwaka huo huo Oktoba, Aeroperú 603, 757 tena, Lima. Hao walioosha ndege walibandika tepu kwenye matundu ya pembeni yanayopima kimo wakasahau kuitoa. Ikapaa usiku, juu ya Pasifiki, nje ni giza hakuna hata taa moja. Kengele ya spidi kubwa mno na kengele ya spidi ndogo mno zikilia pamoja. Wakauliza kontrola wako futi ngapi, akawaambia 9,700, wakaamini. Kumbe ile namba kontrola anaona kwa rada yake inatumwa na transponda (kile kifaa kinachojibu rada) ya ndege yenyewe, inatoka kwa kipimo kilekile kibovu! Aliwasomea uongo wao wenyewe. Wakagonga maji kipimo kikisema futi karibu 9,700. Watu 70.

Na ile ndege ya Ethiopian ya tarehe 10 Machi 2019 iliyotoka Addis ikija hapa kwetu, hiyo sihitaji kuieleza sana, kila mtu Nairobi anajua mtu aliyemjua mtu. Watu 157. Sensa moja ya kupima vile bawa linakutana na upepo ilianza kudanganya, na kompyuta ya 737 MAX ilikuwa imetengenezwa ikiamini sensa moja tu wakati ndege ina mbili, ikawa inasukuma pua chini tena na tena. Lion Air ilikuwa imeanguka kwa sababu hiyo hiyo Oktoba 2018, watu 189. Hapo utamwambia rubani nini, mzee? Wenye kuchora hiyo kompyuta ndio wa kuulizwa.

Kapteni_Mstaafu:
Msomi, kwa MAX sibishani na wewe hata kidogo. Hao vijana walipewa ndege yenye kitu ambacho hata kitabu hakikuwa kimewaeleza vizuri tangu mwanzo. Lakini Birgenair nabishana. Kapteni aliona kipimo chake hakifanyi kazi wakiwa bado wanakimbia kwa lami. Bado wako chini! Hapo unasimama, unarudi kwa fundi. Tuna desturi ya mmoja kuita spidi kwa sauti, "80" ama "100" kulingana na kampuni, na mwenzake anaangalia yake kama zinakubaliana, na kazi yake hasa ni hiyo, kukamata kipimo muongo wakati breki bado zinaweza kukusaidia.

Fundi_wa_Embakasi:
Kwa mambo ya nyigu mniruhusu kidogo. Brisbane kule Australia wana nyigu wanaojenga kwa pitoti haraka sana, ndege inakaa kwa geti muda mfupi tu washaingia, kwa hivyo ndege zikitua hapo hufunikwa. Julai 2018 A330 ya Malaysia Airlines ikafunikwa vizuri kabisa kisha ikapaa na vifuniko vikiwa bado juu, zote tatu, hakuna spidi hata moja. Walirusha kwa pua na nguvu ya injini kama mzee alivyosema, wakaomba rada iwasaidie, wakarudi wakatua, hakuna aliyeumia. Kifuniko kilichowekwa kuzuia ajali ndicho kilitaka kuwamaliza. Vile vitambaa vyekundu virefu mnaona vikining'inia kwa ndege ikiwa imeegeshwa ni vya hiyo kazi, vinapepea ili mtu avione. Kwetu kila kimoja kinahesabiwa kikiingia na kikitoka, na ukinipata nikizunguka na tochi saa tisa usiku nikiangalia matundu ujue sijapoteza kitu.

Mwana_Pipeline:
Asanteni sana, sasa naanza kuelewa. Lakini Msomi umeniacha na wasiwasi mpya. Kama kontrola anaona namba za uongo, basi mnara hauna msaada wowote?

Kapteni_Mstaafu:
Unao, ila ujue cha kuuliza. Rada yenyewe inaona uko wapi na unasonga kwa mwendo gani juu ya ardhi, hiyo haitegemei vipimo vyako, ukitoa upepo unapata picha ya spidi. Kimo ndicho usimuulize kama unashuku vipimo vya hewa. Kwa kimo kuna GPS, na kuna altimita ya redio iliyo chini ya tumbo la ndege, inatupa mawimbi kwa ardhi na kuhesabu yakirudi, ila inaanza kufanya kazi ukiwa chini ya futi 2,500 tu kutoka ardhini. Hiyo haipatwi na barafu wala tepu.

Na kuna kisa cha hapa hapa nyumbani ambacho vijana hawakijui. Septemba 1974, 747 ya British Airways inakuja Nairobi asubuhi. Kontrola akawaruhusu kushuka mpaka futi 7,500, wao wakaskia 5,000. Sasa uwanja wenyewe uko futi zaidi ya 5,300, kwa hivyo waliiambia otopailoti iwapeleke chini ya ardhi! Vifaa vyote vizima kabisa, vinafanya kile vimeambiwa. Wakatoka kwa wingu wakaona nyasi, wakainua, walikuwa wamefika kama futi 70 kutoka chini. Kwa hivyo hata hii habari ya kifaa kizima na kifaa kibovu ina mipaka, namba uliyoingiza mwenyewe nayo inaweza kukuzika.

Kamwana_ka_Umo:
Futi 70 ni kama gorofa ya sita hapa Pipeline 😂 nguo zingeanguka kwa kamba.

Dada_wa_Rada:
Mmesahau kitu moja ya siku hizi, GPS haiharibiki tu, inaharibiwa. Huko mashariki ya Mediterania, Bahari Nyeusi na upande wa Baltiki kuna watu wanatuma mawimbi ya kuizima ama mabaya zaidi ya kuidanganya, ndege iko juu ya bahari skrini inasema iko kwa uwanja wa ndege mahali pengine kabisa. Mwaka wa 2024 Finnair walisimamisha safari za Tartu kule Estonia kwa mwezi mzima kwa sababu njia ya kutua hapo ilikuwa inategemea GPS. Kwa hivyo yule jamaa wa Mwana_Pipeline hakukosea yote, kiwanja kidogo kisichokuwa na redio za kutua kinaweza kukosa ndege kabisa. JKIA tuna ILS kwa barabara ya kutua namba 06, hiyo ni redio ya chini ya kuelekeza ndege kutua, GPS iende isiende unashuka.

Na la kushangaza, raia kupewa GPS kulianzia kwa ndege iliyopotea njia. Septemba 1, 1983, 747 ya Korean Air kutoka Anchorage kwenda Seoul, otopailoti iliachwa inafuata dira tu badala ya inasha, wakaingia anga ya Wasovieti polepole bila kujua, wakapigwa, watu 269. Ndipo Reagan akatangaza GPS itaachiwa ndege za raia ikikamilika.

Msomi_wa_Ngara:
@Dada_wa_Rada na inasha ikishachanganywa na GPS ya uongo si inapotea nayo?

Dada_wa_Rada:
Inaweza, ndio maana marubani wengine wakikaribia hizo sehemu wanaikataza kompyuta isisikize GPS kabla ya kuingia, wanabaki na inasha tupu na redio. Ukingoja mpaka uongo uingie, hata saa ya ndege inaweza kuvurugika, na kuirudisha ni kazi. Kengele ya kuogopesha kuhusu mlima nayo inaanza kulia uko futi 37,000 juu ya bahari.

Shosh_Digital:
Sasa mimi swali langu ni rahisi. Ile simu tunaambiwa tuzime, ni kwa sababu ya hivi vifaa? Maana mjukuu wangu hazimi.

Fundi_wa_Embakasi:
Shosh, simu ya mjukuu haitaangusha ndege, vifaa vimekingwa na vinapimwa. Inachofanya zaidi ni kelele ya drrr drrr kwa masikio ya rubani kupitia redio, na hiyo huja wakati mbaya, akingoja kusomewa kimo. Si umesikia ya 7,500 na 5,000. Mwambie aweke hali ya ndege, video alizopakua bado ataona.

Mwana_Pipeline:
Nimepata zaidi ya nilichouliza. Wamenipangia safari tena Ijumaa, na nimeambiwa ni ndege ile ile. Fundi, waliitengeneza kweli?

Fundi_wa_Embakasi:
Haiondoki bila fundi kuweka sahihi kwa kitabu chake, na hiyo sahihi ina namba ya leseni ya mtu. Kifaa kama hicho mara nyingi hatukitengenezi pale, tunachomoa sanduku zima, tunaweka lingine, tunalipima, lile bovu linaenda karakana. Panda tu, na uombe kiti cha dirisha.

Kamwana_ka_Umo:
Na ukiona kitambaa chekundu kinapepea mnaanza kusonga, piga nduru.